Mafuta ya Bangi na Kifafa cha Watoto

Mzazi ambaye mtoto wake anaanguka mara kumi kwa siku ana swali moja tu: ni kweli kwamba bangi inatibu kifafa? Jibu ni fupi, ila kila neno lake lina uzito. Ndani ya mmea huo, kati ya kemikali nyingi za ukoo mmoja, imo inayoitwa kanabidioli, ambayo wengi wanaijua kwa herufi CBD. Ikisafishwa, ikapimwa, ikatolewa na daktari pamoja na dawa nyingine za kifafa, inapunguza mishtuko kwa baadhi ya watoto wenye aina tatu za kifafa kikali. Haiponyi ugonjwa. Na kwa maradhi mengine ya watoto yanayotajwa mitaani na mitandaoni, ushahidi ni mdogo au haupo kabisa.

Kati ya jibu hilo na kelele zinazolizunguka pana umbali mkubwa, na wanaoumia katikati ni watoto. Wanaotaka bangi iruhusiwe kwa kila mtu wamewageuza watoto wagonjwa kuwa bendera yao. Wanaoichukia wamekataa hata kusikia habari za watoto hao, wakihofu kwamba mlango ukifunguliwa kwa mmoja utakuwa umefunguliwa kwa wote. Wote wawili wanabishana juu ya mmea, ilhali suala la mtoto ni suala la dozi: miligramu ngapi, za kitu gani, kwa uzito gani wa mwili, pamoja na dawa ipi. Msimamo wangu ni kwamba suala la watoto litenganishwe na ugomvi wa watu wazima, lijadiliwe hospitalini kwa vigezo vile vile vinavyotumika kwa dawa nyingine yoyote.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1839 daktari William O'Shaughnessy, mzaliwa wa Ireland aliyekuwa akifundisha udaktari Calcutta, alichapisha taarifa za majaribio yake na bangi ya India. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mtoto mchanga wa siku 40 aliyekuwa akipata degedege mfululizo. Alimpa matone ya bangi iliyolowekwa katika pombe, akawa anaongeza na kupunguza huku akimwangalia, na mwishowe degedege likaisha. Hakuwa na njia ya kujua ni nini hasa ndani ya chupa kilichofanya kazi, wala kwamba chupa ya kesho ingekuwa na nguvu sawa na ya leo. Kutotabirika huko ni moja ya sababu zilizoiondoa bangi katika maduka ya dawa ya Ulaya na Marekani mwanzoni mwa karne ya ishirini, wakati vidonge vyenye kipimo kamili kama fenobabitali, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, vilipoingia.

Ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1960 ndipo mwanakemia Raphael Mechoulam na wenzake huko Israel walipofichua umbo la CBD, mwaka 1963, na la THC, mwaka 1964. THC ndiyo inayolewesha, CBD haileweshi. Mwaka 1980 Mechoulam na watafiti wa Brazil walichapisha jaribio dogo: wagonjwa wanane wa kifafa walipewa CBD juu ya dawa zao za kawaida, na wanne kati yao karibu hawakuanguka tena muda wote wa jaribio. Wagonjwa wanane ni wachache mno kuthibitisha jambo, lakini walitosha kuonyesha pa kutafuta. Hata hivyo kwa miaka thelathini hivi hakuna aliyetafuta kwa bidii. Mmea ulikuwa umefungiwa na mikataba ya kimataifa, na kampuni za dawa hazikuona faida.

Aliyekivunja kimya hicho ni msichana wa Colorado, Marekani, Charlotte Figi. Alizaliwa mwaka 2006, na akiwa na miezi mitatu akaanza kupata mishtuko. Baadaye ilijulikana kwamba ana ugonjwa wa Dravet, kifafa ambacho kwa watoto wengi hutokana na hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A, ile inayosimamia milango ya sodiamu kwenye seli za neva. Alipofika miaka mitano alikuwa akishikwa takriban mara 300 kwa wiki, na dawa zote zilikuwa zimeshindwa. Wazazi wake wakampa mafuta yaliyokamuliwa kutoka aina ya bangi yenye CBD nyingi na THC kidogo sana. Mishtuko ikashuka hadi mara mbili tatu kwa mwezi. Agosti 2013 televisheni ya CNN ilionyesha kisa chake, na mamia ya familia zenye watoto wenye kifafa sugu zikafunga mizigo kuhamia Colorado, ambako mafuta hayo yaliruhusiwa. Charlotte alifariki Aprili 2020 akiwa na miaka 13. Alikuwa ameishi miaka ambayo hakuna aliyemtarajia kuiishi.

Kisa cha mtoto mmoja kinagusa moyo, na kinapaswa kugusa. Lakini hakitoshi kumwambia daktari ampe nini mtoto wa pili. Madaktari wa Colorado walijifunza hilo kwa uchungu. Mwaka 2015 walichapisha mapitio ya mafaili ya watoto 75 waliokuwa wakitumia mafuta ya bangi. Thuluthi moja ya wazazi walisema mishtuko ilipungua kwa zaidi ya nusu, jambo la kutia moyo sana. Kisha wakatenganisha familia zilizohamia kutoka mbali na zile za wenyeji. Kwa wahamiaji, asilimia 47 walitoa habari hiyo njema. Kwa wenyeji, asilimia 22. Hakuna sababu ya kimwili ya mtoto wa mhamiaji kupata nafuu mara mbili ya mtoto wa mwenyeji. Na kwa watoto walioripotiwa kupata nafuu ambao walikuwa na vipimo vya umeme wa ubongo vya kabla na baada, vipimo havikuonyesha kuboreka.

Asiwepo wa kuwaita wazazi hao waongo. Mtu aliyeuza nyumba, akaacha kazi na ndugu, akavuka nchi akiwa amembeba mtoto, anaona nafuu kwa macho ambayo sisi wengine hatuna. Zaidi ya hayo, kifafa hupanda na kushuka chenyewe. Familia huhama pale hali inapokuwa mbaya kuliko zote, na baada ya kilele cha ubaya mara nyingi huja kushuka, mafuta yawepo yasiwepo. Ndiyo maana tiba yoyote ya kifafa inahitaji jaribio ambamo baadhi ya watoto wanapewa kimiminika kisicho na dawa, na hakuna anayejua nani amepewa nini, si mzazi wala daktari.

Jaribio hilo lilikuja mwaka 2017, likiongozwa na daktari Orrin Devinsky wa New York. Watoto na vijana 120 wenye Dravet, wa umri kuanzia miaka 2 hadi 18, waligawanywa makundi mawili kwa wiki 14. Waliopewa CBD iliyosafishwa, miligramu 20 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, walishuka kutoka wastani wa mishtuko mikubwa 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Waliopewa kimiminika kitupu walitoka 14.9 hadi 14.1, yaani walibaki karibu pale pale. Asilimia 43 ya waliopata dawa walipungukiwa na mishtuko kwa nusu au zaidi. Lakini hata katika kundi la kimiminika kitupu, asilimia 27 walipata punguzo hilo hilo. Waliopona mishtuko kabisa kwa kipindi kile walikuwa asilimia 5.

Namba hizo zinastahili kusomwa polepole, kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ukweli wote wa jambo hili. Dawa inafanya kazi, hilo halina ubishi tena. Mtoto aliyekuwa akianguka mara kumi na mbili kwa mwezi anaanguka mara sita: majeraha machache ya kichwa, usiku mwingi zaidi wa kulala, pengine hata masomo. Wakati huo huo mtoto mmoja tu kati ya ishirini aliacha kuanguka, na zaidi ya nusu hawakufikia hata punguzo la nusu. Mtoto kama Charlotte yupo, ila ni nadra. Majaribio mengine yaliyofuata kwa ugonjwa wa Lennox-Gastaut, kifafa kingine kikali cha watoto, yalionyesha jambo linalofanana: mishtuko ya kuporomoka ghafla ilipungua kwa asilimia 40 hivi kwa waliopata dozi ya juu, dhidi ya takriban 20 kwa waliopata kimiminika kitupu. Juni 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha dawa hiyo, Epidiolex, kwa magonjwa hayo mawili, na mwaka 2020 ikaongeza la tatu, lile la uvimbe mdogo mdogo unaoota ubongoni na viungoni kutokana na hitilafu ya jeni.

Madhara yake nayo yamepimwa. Usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula, na kupanda kwa vimeng'enya vya ini, hasa kwa watoto wanaotumia valproeti. CBD pia huzuia ini kuvunjavunja klobazamu, dawa nyingine ya kifafa, hivyo kiasi chake mwilini hupanda. Watafiti bado wanabishana ni sehemu gani ya nafuu iliyoonekana inatokana na CBD yenyewe na ipi inatokana na klobazamu iliyoongezeka nguvu. Jambo hili halimuumbui mtu yeyote. Linaonyesha tu kwamba CBD ni dawa kamili, yenye nguvu ya kufaa na ya kudhuru, na kauli kwamba "ni ya asili, haina shida" haina msingi.

Nje ya kifafa nitapita haraka, kwa kuwa hakuna mengi ya kushika. Madaktari wa Jerusalem walichapisha mwaka 1995 habari za watoto wanane wenye saratani waliopewa ndugu mmoja wa THC kuzuia kutapika wakati wa kutibiwa, na ilisaidia. Lakini tangu hapo zimepatikana dawa nzuri za kuzuia kutapika. Kwa watoto wenye mtindio wa ubongo ambao misuli yao inakaza, jaribio la watoto 72 lililochapishwa mwaka 2020 halikuona tofauti ya maana kati ya dawa ya bangi na kimiminika kitupu. Kwa usonji, majaribio ni madogo na majibu yanagongana. Mzazi wa mtoto mwenye usonji anayeuziwa mafuta haya kwa bei ya mshahara wa mwezi anauziwa matumaini ambayo sayansi haijayaidhinisha, na hilo linanikera kuliko jambo jingine lolote katika biashara hii.

Tuangalie chupa yenyewe. Chupa ya kawaida ya mafuta ya CBD inayouzwa mtandaoni ina mililita 30 na imeandikwa miligramu 500. Mtoto wa kilo 20 akipewa dozi iliyotumika katika jaribio la Dravet anahitaji miligramu 400 kila siku. Chupa nzima ingekwisha siku ya pili asubuhi. Mzazi anayempa matone matano asubuhi na matano jioni anampa sehemu ndogo sana ya kile kilichothibitishwa, na nafuu yoyote atakayoiona ina uwezekano mkubwa wa kuwa ile ya kimiminika kitupu. Na hapo tumeamini maandishi ya chupa. Watafiti wa Marekani walionunua bidhaa 84 za CBD mtandaoni na kuzipima waliripoti mwaka 2017 kwamba ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa. Katika bidhaa 18 walikuta THC.

Bangi inayochemshwa nyumbani ni hatari ya aina nyingine. CBD na THC huyeyuka katika mafuta, si katika maji, kwa hiyo chai ya majani haina kipimo kinachojulikana. Na mmea unaovutwa umechaguliwa kizazi baada ya kizazi kwa uwezo wake wa kulewesha, yaani kwa THC. Ubongo wa mtoto bado unajijenga, na THC inagusa mifumo ile ile inayoongoza ujenzi huo. Mtoto mdogo akimeza nyingi anaweza kuzimia au kushindwa kupumua vizuri. Nchini Marekani, ambako peremende na biskuti za bangi zimeenea majumbani, taarifa za watoto chini ya miaka sita waliokula bidhaa hizo kwa bahati mbaya zilipanda kutoka 207 mwaka 2017 hadi 3,054 mwaka 2021.

Afrika Mashariki inabeba mzigo wa kifafa ambao Colorado haiujui. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu watu milioni 50 duniani wana kifafa, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwamba hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila mishtuko wakipimwa na kutibiwa ipasavyo. Kwetu chanzo mara nyingi si jeni adimu. Ni mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, minyoo ya nguruwe iliyoingia ubongoni. Huko Mahenge, kusini mwa Tanzania, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa karibu na mwaka 1960 na kukuta watu wengi wakianguka katika moto wa jikoni, wakila kwa vyombo vya peke yao, wakiogopwa na ndugu zao. Sehemu ya kifafa cha eneo hilo leo inahusishwa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wa mitoni.

Watafiti wa Kilifi, Kenya, walipopima damu za wenye kifafa kutafuta dalili ya dawa, walikuta zaidi ya asilimia 60 hawatibiwi inavyotakiwa. Na dawa wanayoikosa si ngeni wala ghali. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, dawa ya kila siku ya kifafa inaweza kupatikana kwa gharama ndogo kama dola 5 kwa mwaka. Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani bei yake ilikuwa takriban dola 32,500 kwa mwaka. Sielewi jinsi mtu anavyoweza kupigania ya pili kwa sauti kubwa huku zahanati ya jirani ikiwa haina ya kwanza.

Kuna jambo jingine ambalo halitajwi. Mtoto mwenye Dravet akipewa kabamazepini, mojawapo ya dawa za kifafa zinazotumika sana kwetu, mara nyingi huzidi kuanguka, kwa sababu dawa hiyo inafunga milango ile ile ya sodiamu ambayo kwake tayari ni dhaifu. Mzazi wa mtoto huyo ataambiwa kifafa chake ni sugu, na ataanza kutafuta bangi, wakati alichohitaji kwanza ni mtu wa kutambua ugonjwa na kubadilisha kidonge. Kifafa huitwa sugu pale dawa mbili zilizochaguliwa vizuri, kwa dozi kamili, zinaposhindwa. Watoto wengi wa kwetu wanaoitwa sugu hawajawahi kufikishwa hapo.

Hata hivyo wapo waliofikishwa. Kwa hao, kusema "tukamilishe fenobabitali kwanza" ni kuwaadhibu kwa upungufu ambao hawakuusababisha. Mtoto mwenye Lennox-Gastaut jijini Nairobi au Dar es Salaam, ambaye daktari wake wa mishipa ya fahamu amejaribu kila kilichopo, ana haki ya kuombewa dawa iliyothibitishwa kwa ugonjwa wake. Sheria ya Kenya ya mwaka 1994 na ya Tanzania ya mwaka 2015 ziliandikwa kupambana na walanguzi, na katika hali halisi daktari anayetaja CBD anajiona amekanyaga mstari mwekundu. Lakini dunia imesogea. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikwisha kusema kwamba CBD safi haina dalili za kulevya wala kumfanya mtu kuwa mtumwa wake. Desemba 2020 tume ya Umoja wa Mataifa, kwa kura 27 dhidi ya 25, iliiondoa bangi katika jedwali kali kuliko yote la mkataba wa 1961, lile la vitu vinavyohesabiwa kuwa havina faida ya kitabibu yenye uzito. Rwanda mwaka 2021 iliruhusu kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje. Inasikitisha kwamba katika ukanda wetu njia ya kupeleka malighafi ng'ambo imepatikana kabla ya njia ya kumpa mtoto mgonjwa dawa iliyokamilika.

Tunao mfano wa karibu wa jinsi ya kufanya. Mofini hutoka katika ua la afyuni na inaogopwa kuliko bangi. Tangu mwaka 1993, Anne Merriman alipoanzisha Hospice Africa nchini Uganda, unga wa mofini umekuwa ukichanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa ya bei nafuu kwa wagonjwa wa saratani na UKIMWI, watoto wakiwemo. Mwaka 2004 Uganda ilibadilisha kanuni ili wauguzi na waganga wasaidizi waliofunzwa waruhusiwe kuiandika. Hakuna aliyedai kwamba kwa kufanya hivyo Uganda imehalalisha heroini. Dawa iliingia kwa daftari, kwa saini, kwa mafunzo, na kwa kipimo kinachojulikana, ikaenda kwa mgonjwa aliyetambuliwa.

CBD iliyosafishwa inaweza kupita njia hiyo hiyo, tena kwa wepesi zaidi kwa kuwa hailevyi: kibali maalumu kwa hospitali kubwa za rufaa, daktari bingwa anayemfuatilia mtoto, kipimo cha ini kabla na baada, daftari la mishtuko linalojazwa nyumbani, na kuacha dawa ikiwa baada ya miezi michache hakuna tofauti. Uingereza ilijifunza ugumu wa kufungua njia hiyo. Juni 2018 maofisa wa uwanja wa Heathrow walichukua mafuta ya mvulana wa miaka 12 mwenye kifafa, akaishia hospitalini, serikali ikalazimika kutoa kibali cha dharura, na Novemba mwaka huo sheria ikawaruhusu madaktari bingwa kuandika dawa za bangi. Lakini mafuta yasiyojaribiwa rasmi bado hayaandikwi kwa urahisi na huduma ya afya ya taifa, na familia nyingi zimeendelea kulipa mfukoni. Sheria ilibadilika kwa hasira ya umma kabla ya ushahidi kukamilika, na familia zikabaki na ruhusa isiyo na dawa.

Wakati mambo hayo yanasubiri, tayari kuna nyumba zetu zenye chupa ya mafuta kabatini, imeletwa na shangazi kutoka ng'ambo au imenunuliwa mtandaoni. Mzazi huyo asiache ghafla dawa ya hospitali, iwe fenobabitali au valproeti, kwa sababu kuikata ghafla kunaweza kuleta mishtuko isiyokatika, na hiyo inaua. Amwambie daktari anachompa mtoto, aende na chupa yenyewe. Na daktari naye aulize swali hilo kwa kila mzazi wa mtoto mwenye kifafa sugu, kwa sauti ile ile anayoulizia dawa za miti shamba, bila kutaja polisi. Mzazi akiogopa hatasema, na mtoto anayekunywa valproeti pamoja na mafuta yasiyojulikana hatapimwa ini.